Maiti Nje ya Ukuta wa Mji

Yako mambo machache ambayo wanadamu wameyakubali pande zote za dunia bila ya kufundishwa na mfanyabiashara, mhubiri wala askari. Moja katika hayo ni kwamba maiti ana haki yake juu ya walio hai. Mtoto wa Lamu au wa Mombasa hufundishwa chuoni kwamba kumwosha maiti, kumvika sanda, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kifaya: wakiitimiza wachache, mji mzima umesalimika; isipotimizwa na mtu hata mmoja, mji mzima umeingia dhambini. Mtoto wa bara naye huona jambo hilo hilo kwa macho yake siku ya mazishi, wakati jamaa wanapopita mmoja mmoja kando ya kaburi, kila mtu na udongo wake kiganjani.

Katika mji wa Athens, yapata mwaka 441 kabla ya Kristo, palionyeshwa mchezo wa kuigiza ambao kisa chake chote kimesimama juu ya kiganja cha udongo kama huo. Jina la mchezo ni Antigone, na mtungaji wake ni Sophocles. Imepita miaka karibu elfu mbili na mia tano, na mchezo huo ungali unaigizwa katika nchi ambazo Sophocles hakuzijua hata kwa jina, tena na watu ambao wengine wao walikuwa wafungwa, wengine wakimbizi, na wengine wanafunzi wa rika la wasomaji wa kitabu hiki. Inafaa tuulize sababu yake. Ipo michezo mingi ya kale iliyotungwa kwa ufundi mkubwa, lakini imebaki katika maktaba ikisomwa na wataalamu tu.

Sophocles alizaliwa yapata mwaka 496 kabla ya Kristo katika Colonus, kitongoji kilichokuwa nje kidogo ya Athens, akafariki mwaka 406, mzee wa miaka tisini hivi. Alitunga michezo zaidi ya 120. Iliyotufikia ikiwa mizima ni saba tu. Asidhani mtu kwamba alikuwa mshairi wa kujifungia chumbani mwake. Alipata kuwa mtunza hazina wa shirikisho la Athens, na baadaye akachaguliwa kuwa mmoja wa majemadari kumi wa mji, pamoja na Pericles, wakati wa vita vya kisiwa cha Samos. Kwa hiyo alipoandika juu ya mtawala atoaye amri, aliandika habari ya kazi aliyoijua.

Michezo ya wakati ule haikuonyeshwa usiku wala ndani ya nyumba. Watu kwa maelfu waliketi ubavuni mwa kilima cha Acropolis mchana kweupe, siku za sikukuu ya mungu Dionysus, wakatazama mashindano ya watungaji. Waigizaji walivaa vinyago nyusoni, na wote walikuwa wanaume. Hata Antigone, ambaye ni msichana, aliigizwa na mwanamume. Msomaji aliweke jambo hili akilini, maana tutakutana nalo tena mahali pengine kabisa.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mji wa Thebes walikuwako ndugu wawili, Eteocles na Polynices, wana wa mfalme Oedipus. Baada ya baba yao kuondoka, waligombea kiti. Eteocles alikishika, naye Polynices akaenda ugenini, akarudi na jeshi la mji wa Argos ili autwae mji wake kwa nguvu. Vita vilipofika ukutani, ndugu hao walikutana uso kwa uso, wakauana. Jeshi la kigeni likakimbia usiku. Asubuhi ya pili yake mjomba wao, Creon, alishika utawala, akapiga mbiu: Eteocles azikwe kwa heshima zote, maana alikufa akiulinda mji, Polynices aachwe nje kama alivyo, asililiwe wala asifukiwe, awe chakula cha ndege na mbwa. Atakayeivunja amri hiyo atakufa.

Marehemu hao walikuwa na dada wawili. Mkubwa, Antigone, alimwita mdogo wake Ismene nje ya nyumba kabla ya mapambazuko, akamwambia kuwa anakwenda kumzika ndugu yao, na kumwuliza kama atamsaidia. Ismene aliogopa. Alisema kwamba wao ni wanawake, kwamba wamebaki peke yao, na kwamba wenye nguvu hawapingwi. Antigone akaenda peke yake. Hakuwa na jembe wala watu wa kuchimba. Aliweza tu kumnyunyizia maiti udongo mkavu juu ya mwili. Walinzi waliuona, wakaupangusa. Akarudi mchana, akanyunyiza tena, wakamkamata.

Alipoletwa mbele ya Creon hakukana. Alisema kwamba amri ya mfalme aliijua, lakini ziko sheria nyingine ambazo hazikuandikwa na mtu, wala hapana ajuaye zilianza siku gani, na kwamba hakuona kuwa mbiu ya mwanadamu mmoja yaweza kuzifuta. Creon alikasirika. Msichana huyu alikuwa mpwa wake. Tena alikuwa mchumba wa Haemon, mwanawe wa kumzaa. Hata hivyo aliamuru afungiwe hai katika pango la mawe. Ismene naye alijitokeza akataka ahesabiwe kuwa mshiriki, lakini dada yake alimkataa kwa maneno makali.

Haemon alikuja kumsihi baba yake. Kisha akaja mwaguzi kipofu Tiresias, akaonya kwamba madhabahu za mji zimenajisiwa na nyama iliyoletwa na ndege na mbwa kutoka kwa maiti. Hapo ndipo Creon alipotetemeka. Wazee wa mji walimshauri amtoe msichana pangoni kwanza, kisha ajenge kaburi la maiti. Akatoka mbio, lakini angalia alivyofanya: alikwenda kwanza kwa maiti, akamwosha, akamchoma na kumfukia majivu yake kwa utaratibu, ndipo akaelekea pangoni. Alipofika alikuta Antigone amejinyonga. Haemon alijiua mbele ya macho yake. Mkewe Creon, Eurydice, aliposikia habari alijiua naye. Mchezo unakwisha mfalme akiwa hana mtu.

Wanafunzi wengi wakisoma kisa hiki kwa mara ya kwanza humhukumu Creon upesi, na hukumu ya upesi huuharibu mchezo. Creon ana hoja. Mji wake ulinusurika jana tu. Mtu aliyelala nje ya ukuta aliwaleta maadui waiteketeze nyumba ya baba yake mwenyewe. Ikiwa haini na mlinzi wa mji watapewa heshima moja, ni nani kesho atakayesimama ukutani? Hata watu wa Athens waliokuwa wakitazama mchezo walikuwa na sheria ya kwamba haini hazikwi katika ardhi ya Attica. Walakini sheria yao haikuwazuia jamaa kumchukua na kumzika nje ya mipaka. Creon alivuka mpaka huo: hakutosheka na kumnyima haini ardhi ya mji, akamnyima ardhi yote.

Mwanafalsafa wa Kijerumani, Hegel, aliyeishi kati ya mwaka 1770 na 1831, alisema kwamba ukubwa wa mchezo huu ni kwamba haki inagombana na haki nyingine: haki ya dola kwa upande mmoja, na haki ya damu na ukoo kwa upande wa pili, na kila moja inapotea kwa sababu haiioni nyingine. Fikira hiyo imefuatwa na wengi. Mimi naikubali nusu tu. Ni kweli kwamba Antigone naye ni mgumu. Jinsi alivyomtenda mdogo wake haipendezi hata kidogo. Lakini mizani haiko sawasawa, na anayeielemeza ni Haemon. Hoja kubwa ya kijana huyu si habari za miungu, wala si habari za mapenzi yake. Anamwambia baba yake kwamba watu wa mji wananong'ona gizani wakimhurumia msichana, ila mbele ya mfalme wanaogopa kufumbua kinywa. Na kwamba mji ulio mali ya mtu mmoja si mji tena. Creon hakujibu hoja hiyo. Alimtukana mwanawe kuwa mtumwa wa mwanamke. Mtawala ambaye ana haki lakini hawezi kuambiwa neno na mwanawe amekwisha kuipoteza haki yake, na hilo ndilo ambalo Sophocles, jemadari na mtunza hazina, alitaka wenzake walione.

Yamkini mtu akauliza kama jambo la maziko si la Wagiriki tu. Rafiki wa Sophocles, mwanahistoria Herodotus, ametuachia hadithi nzuri juu ya swali hilo. Anasema kwamba Dario, mfalme wa Uajemi, aliwauliza Wagiriki waliokuwa barazani pake ni fedha kiasi gani wangepokea ili wawale baba zao wakifa. Wakajibu kwamba hapana kiasi. Kisha akawauliza watu fulani wa Bara Hindi, ambao desturi yao ilikuwa kuwala wazee wao, ni fedha kiasi gani wangepokea ili wawachome moto kama Wagiriki. Wakapiga kelele kwa uchungu wakimwomba asitamke neno hilo. Katika nchi yetu pia njia zilikuwa mbalimbali. Wakikuyu na Wamasai wa zamani hawakuwafukia ardhini watu wao wengi. Waliwapeleka porini, na hapakuwa na aibu, kwa sababu ndiyo iliyokuwa taratibu yao. Basi aibu ya Polynices haikuwa katika pori wala katika ndege. Ilikuwa katika kwamba jamaa zake walinyimwa kumfanyia ambalo watu wake huwafanyia wafu, na aliyewanyima ni mwenye dola. Dola ikifanya hivyo popote, mchezo wa Sophocles unapata kazi.

Mwaka 1944, mji wa Paris ulipokuwa chini ya majeshi ya Wajerumani, Jean Anouilh alionyesha Antigone yake, waigizaji wakivaa nguo za siku hizo. Wakaguzi wa Kijerumani waliupitisha. Creon wa Anouilh ni mtu mwenye akili na uchovu, karibu utampenda. Anamwambia mpwa wake siri kwamba maiti wale wawili walikuwa wamepondwa kabisa na farasi hata haijulikani yupi ni yupi, na kwamba aliyepewa mazishi ya kifalme ni yule tu ambaye mwili wake ulikuwa na nafuu. Miaka minne baadaye, katika mji mdogo wa Chur huko Uswisi, Mjerumani Bertolt Brecht alionyesha Antigone nyingine, akaitangulizia sehemu fupi inayotokea Berlin, Aprili mwaka 1945: dada wawili wanatoka nyumbani asubuhi, wanamkuta ndugu yao aliyetoroka jeshini amenyongwa mlangoni. Nchi mbili zilizopigana zilichukua kisa kimoja, kila moja ikauliza swali lake.

Afrika haikungoja sana. Nchini Tanzania Samuel Mushi aliutia mchezo mwingine wa Sophocles katika Kiswahili, ukachapishwa mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Na huko Nigeria Ola Rotimi alikuwa amekwisha kukihamisha kisa hicho hicho katika nchi ya Wayoruba, katika mchezo ulioonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1968. Lakini kwa habari ya Antigone, wa kutajwa mbele ni mwalimu kijana kutoka kisiwa cha Barbados, Edward Brathwaite, aliyekuwa akifanya kazi Ghana. Aliandika mchezo mfupi, Odale's Choice, yaani Hiari ya Odale, ukaigizwa mwezi wa Juni mwaka 1962 na wanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Mfantsiman katika mji wa Saltpond. Ghana ilikuwa na miaka mitano tu ya uhuru. Mfalme wa mchezo huo ni mtawala wa Kiafrika, naye akiisha kumkamata Odale anamsamehe, ila maiti ya nduguye itabaki pale pale. Odale anaukataa msamaha. Ningependa kujua wasichana waliouigiza walilichukuliaje jambo hilo, maana ni gumu kuliko la Sophocles: kufa kwa sababu umehukumiwa ni shida, lakini kufa baada ya kufunguliwa mlango yataka mtu awe na hakika kubwa.

Hapana nchi ambayo mchezo huu uliingia ndani zaidi kuliko Afrika Kusini. Karibu na Port Elizabeth, katika mtaa wa Waafrika ulioitwa New Brighton, kilikuwako kikundi cha waigizaji kiitwacho Serpent Players. Hawakuwa watu wa kulipwa. Mchana walikuwa makarani, waalimu na vibarua, jioni wakifanya mazoezi pamoja na mtungaji Athol Fugard. Mwaka 1965 walitayarisha Antigone. Polisi wa siasa walikuwa wakikifuata kikundi hicho, na baadhi ya waigizaji walikamatwa wakapelekwa Robben Island. Huko kisiwani, bila kitabu, waliigiza sehemu ya mchezo kwa kumbukumbu mbele ya wafungwa wenzao.

Fugard, John Kani na Winston Ntshona walifanya habari hiyo kuwa mchezo, nao ndio The Island, ulioonyeshwa mara ya kwanza mwezi wa Julai mwaka 1973 katika mji wa Cape Town. Hawakuuita kwa jina hilo wakati ule, wala maneno yake hayakuwa yameandikwa, kwa sababu sheria ya nchi ilikataza kueleza habari za magereza. Wafungwa wawili, John na Winston, wanashinda mchana kutwa wakichota mchanga na kuumwaga, kazi isiyo na mwanzo wala mwisho. Usiku wanafanya mazoezi ya Antigone kwa ajili ya tamasha la gereza. Winston amepewa nafasi ya msichana, naye hataki. Anaona haya kuvaa nywele za bandia za kamba na matiti ya bandia, anajua atachekwa. Mwanamume kuigiza Antigone, ambalo huko Athens lilikuwa jambo la kawaida kabisa, hapa limekuwa kidonda kipya: kwa mtu ambaye askari wa gereza wanamwita boi kila siku, kufanywa mwanamke mbele ya watu ni kuvuliwa kilichobaki.

Halafu inakuja habari kwamba kifungo cha John kimepunguzwa. Atatoka baada ya miezi mitatu. Winston amefungwa maisha. Usiku ule anamtazama mwenzake akihesabu siku, na wivu na huzuni vinamshika. Lakini siku ya tamasha anavaa nywele zile, anasimama mbele ya wakuu wa gereza, na mchekeshaji aliyeogopwa hatokei. Akiisha kuhukumiwa na Creon, anayavua mapambo, anasema maneno ya Antigone kwa sura yake mwenyewe. Watazamaji wa mwaka 1973 hawakuhitaji kuelezwa ni nani anayezikwa hai na ni pango gani.

Katika gereza lile lile Nelson Mandela, aliyekaa kisiwani tangu mwaka 1964 hadi 1982, aliigiza mchezo huu pamoja na wenzake katika chama chao cha maigizo. Mtu angetazamia kuwa alichukua nafasi ya wapinzani wa mfalme. Alichukua nafasi ya Creon. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza kwamba alimwona Antigone kuwa mfano wa mapambano yao, kwa kuwa aliivunja sheria kwa sababu haikuwa ya haki. Lakini juu ya Creon alisema kwamba mwanzoni mfalme huyo ni mtu mwenye moyo na mwenye kuipenda nchi yake, na anaharibika kwa kukataa kusikiliza na kukataa kubadilika. Mfungwa ambaye baadaye alikuja kutawala alijifunza maneno ya mtawala aliyeshindwa, akayasema kwa kinywa chake mwenyewe. Kama ipo njia bora ya kuusoma mchezo huu kuliko hiyo, mimi siijui.

Na sisi je? Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti alfajiri ya tarehe 18 Februari mwaka 1957. Serikali ya kikoloni ilimzika ndani ya eneo la gereza, mahali pasipowekwa alama. Haikuwa usahaulifu. Waliompiga vita walijua, kama Creon alivyojua, kwamba kaburi linalojulikana hutembelewa, na mahali panapotembelewa hupata maneno. Mwaka 1963 uhuru ulikuja, bendera ikabadilishwa, barabara zikapewa jina lake. Mwaka 2007, miaka hamsini kamili tangu siku ya kunyongwa, sanamu yake ilisimamishwa katika Nairobi. Mjane wake, Mukami Kimathi, alizipokea heshima hizo, na kwa miaka mingi aliendelea kuomba jambo jingine: mifupa ya mumewe aizike. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 2023, na mifupa ilikuwa haijapatikana. Ngugi wa Thiong'o na Micere Mugo walikuwa wametunga mchezo juu ya kesi ya Kimathi mwaka 1976, na wakafanya vema. Lakini mchezo juu ya mjane huyo na ombi lake haujanifikia mikononi, nao ungefaa uandikwe.

Tofauti moja na ioneshwe hapa, maana historia haiendi sawasawa na hadithi. Creon wa Sophocles aliweka walinzi karibu na maiti. Kila mtu aliweza kuiona. Watawala wa karne ya ishirini wamejifunza njia nyingine, nayo ni kuificha maiti isionekane kabisa. Huko Argentina, chini ya utawala wa kijeshi ulioanza mwaka 1976, watu kwa maelfu walichukuliwa majumbani mwao wasionekane tena. Mama zao walianza mwaka 1977 kuzunguka kila juma katika uwanja ulio mbele ya ikulu, wakiuliza. Griselda Gambaro aliandika Antigone wake wa Argentina mwaka 1986, utawala huo ulipokwisha. Msichana asiyejua maiti ya nduguye iko wapi hawezi hata kuvunja amri. Hana pa kumwaga kiganja chake cha udongo. Na huko Marekani, katika mji wa Ferguson, kijana Michael Brown alipopigwa risasi na polisi tarehe 9 Agosti mwaka 2014, mwili wake ulilala njiani kwa muda wa saa nne hivi, jirani zake wakitazama. Mwaka 2016 mchezo wa Sophocles ulisomwa kwa sauti na waigizaji, pamoja na waimbaji wa kwaya, katika shule aliyosoma kijana huyo, kisha watu wakakaa kuzungumza.

Namrudia Ismene, kwa sababu wasomaji wengi humwacha. Dada mdogo aliogopa, kisha akataka kushiriki, akakataliwa. Akiisha kupelekwa ndani, hatokei tena jukwaani. Wengine wote wa nyumba ile wanakufa au wanaharibika. Yeye peke yake anabaki hai katika mji, na hatuambiwi anakwenda wapi. Lakini miji mingi imejaa akina Ismene kuliko akina Antigone. Ile faradhi ya kifaya niliyoitaja mwanzo inawahusu wao hasa: ni watu waliojua kwamba jambo lapasa kufanywa, wakatumaini litafanywa na mwingine.

Katika nchi ya Peru palikuwa na vita vya ndani tangu mwaka 1980 hadi 2000, baina ya serikali na waasi, wakulima wakiwa katikati. Tume ya ukweli iliyoundwa baadaye ilikadiria mwaka 2003 kwamba watu karibu 69,000 walikufa au kupotea, na robo tatu yao ni watu wa lugha ya Kikechua na lugha nyingine za wenyeji, ambao watu wa mji mkuu hawakuwa na habari nao. Mwaka 2000 mshairi José Watanabe aliandika Antígona kwa ajili ya kikundi cha Yuyachkani cha mji wa Lima. Mwigizaji ni mmoja tu, Teresa Ralli, na kifaa chake kikubwa jukwaani ni kiti. Kabla ya kuigiza alikaa na wanawake waliopotewa na waume, wana na ndugu, akawasikiliza, na akayatia katika mchezo mwenendo wa mikono yao na jinsi walivyoketi kitini wakisimulia.

Anaigiza watu wote: mfalme, mlinzi, Haemon, mwaguzi, Antigone. Nyuma ya wote yuko msimuliaji, mwanamke asiyejitaja. Mpaka karibu na mwisho watazamaji hawamjui. Ndipo anaposema kwamba yeye ni Ismene, dada aliyeogopa. Kwamba ameishi na siku ile miaka yote hiyo. Na sasa, kwa kuchelewa, anamfanyia ndugu yake maziko ambayo aliombwa ayafanye kabla ya mapambazuko. Watazamaji wa Lima, ambao wakati wa vita wengi wao walikuwa wamekaa majumbani mwao wasiulize neno, walikuwa wameketi mbele yake.